Utando juu ya maji: namna tangi la samaki linavyopumua

Jirani yangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, mzee aliyevua dagaa katika mwalo wa Katonga kwa miaka mingi kabla ya kuwaachia wanawe mtumbwi, alikuja jioni moja kuazima pampu ya baiskeli, akasimama mbele ya tangi langu la samaki. Nilitarajia awasifu samaki. Badala yake aliinama hadi macho yake yakawa chini kidogo ya usawa wa maji, akatazama juu kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, maji haya yamelala.” Nikamjibu, “Hapana mzee wangu, pampu inafanya kazi, tazama mchanga unavyotimka kule pembeni.” Akanyoosha kidole bila kugusa kioo. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya maziwa, mfano wa ule unaotanda juu ya uji uliopoa, na mwanga wa taa ulipoupiga kwa ubavu utando ule ulitoa rangi za upinde wa mvua. Chini maji yalikuwa yakienda mbio, juu yalikuwa tuli.

Wengi tunaofuga samaki ndani ya nyumba huyachukulia mambo hayo mawili kuwa hayahusiani: mwendo wa maji tunauona ni suala la ukubwa wa pampu, na utando tunauona ni uchafu unaoharibu sura ya tangi, wa kufutwa wageni wakija. Kwa kweli ni jambo moja. Tangi hupumua kwa uso wake wa juu tu, mkondo ndio unaobeba pumzi hiyo kuipeleka chini, na utando ni kitu kinachokaa mlangoni hasa mwa njia hiyo. Anayeongeza nguvu ya pampu bila kuutazama uso wa maji anaweza kutumia umeme mwingi na samaki wake wakaendelea kuhema, kama ilivyonitokea mimi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu jambo hili huonekana dogo. Hewa ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Lita moja ya hewa hapa Kigoma, mji ulio ufukweni mwa ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ina karibu miligramu 250 za oksijeni. Lita moja ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yenye joto la nyuzi 25, yakiachwa yalingane na hewa hiyo hushika miligramu 7.5 hivi. Samaki, kwa maneno mengine, anaishi katika mazingira yenye oksijeni pungufu zaidi ya mara thelathini kuliko sisi tunaomtazama kupitia kioo. Huko pwani maji ya joto hilohilo yangeshika miligramu 8.3, na Tabora, ambako nchi imeinuka hadi mita 1,200 hivi, yangeshika kidogo zaidi ya 7 tu. Joto nalo hupunguza: maji ya hapa Kigoma yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 28 hupoteza karibu nusu miligramu kwa kila lita, na wakati huohuo mwili wa samaki hudai oksijeni zaidi. Ndiyo maana tangi lililovumilia mwezi Julai linaweza kuleta matatizo mwezi Oktoba bila mtu kubadilisha chochote.

Kiasi hicho kidogo, hata hivyo, si shida kubwa kama kingefika haraka kila kona ya tangi. Shida ni kwamba oksijeni husafiri ndani ya maji kwa uvivu usioaminika. Ikiachwa ijisambaze yenyewe, pasipo mkondo wa aina yoyote, huchukua kama saa 7 kupenya sentimita 1, na kwa kuwa muda huo hukua kwa mraba wa umbali, kupenya sentimita 50 hadi sakafuni mwa tangi kungechukua takriban miaka 2. Hakuna samaki wa kusubiri hivyo. Kinachowaokoa ni kwamba maji halisi hayatulii kabisa: joto la taa, mkia wa samaki na pampu huyachanganya. Kila pumzi inayofika chini imebebwa na mkondo.

Aliyezaliwa Kigoma ana mfano mkubwa zaidi wa jambo hili mlangoni pake. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini samaki wake wote, kuanzia dagaa na migebuka hadi kuhe, wanaishi katika tabaka la juu tu. Upande wetu wa kaskazini, ukishuka takriban mita 100, na upande wa kusini takriban mita 200, oksijeni inakwisha, na chini ya hapo ni maji mengi mno yasiyoweza kubeba samaki hata mmoja. Sababu ni ileile ya tangi la sebuleni: upepo huchanganya tabaka la juu lenye joto, lakini hauna nguvu ya kulizamisha hadi chini kwenye maji ya baridi na mazito zaidi, na kile kidogo kinachofika huko huliwa na bakteria wanaoozesha mabaki yanayodondoka.

Kutokana na hayo, swali la kwanza kuhusu tangi linapaswa kuwa lina uso mpana kiasi gani, na la lita lije baadaye. Langu lina urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50, jumla lita 200, na uso wake ni meta mraba 0.4. Mafundi wetu wa vioo na alumini siku hizi wanapenda kutengeneza matangi marefu kama nguzo, kwa sababu yanapendeza kwenye pembe ya sebule. Tangi la sentimita 40 kwa 40 lenye kimo cha 125 lina lita 200 vilevile, lakini uso wake ni meta mraba 0.16, chini ya nusu ya lile la kwanza. Maji ni yaleyale, mdomo wa kupumulia ni mwembamba zaidi, na safari ya kwenda chini ni ndefu zaidi. Mimi nguzo hizo sizipendi, na nasema hivyo nikijua kwamba mke wangu alitaka moja.

Sasa tuuangalie utando wenyewe. Vitu vingi vinavyotokana na viumbe, kama vile mafuta, protini na ute wa ngozi ya samaki, vimeundwa kwa molekuli zenye tabia mbili: upande mmoja hupenda maji na upande wa pili huyakimbia. Molekuli ya namna hiyo ikiwa katikati ya maji haitulii, na mahali pekee inapopata nafuu ni juu kabisa, ambapo upande mmoja unalowa na mwingine unakaa hewani. Kwa hiyo zote hukimbilia juu na kupangana bega kwa bega. Mwaka 1774 Mmarekani Benjamin Franklin alichapisha taarifa ya jaribio alilolifanya kwenye bwawa la Clapham jijini London, ambapo mafuta yasiyozidi kijiko cha chai yalisambaa kiasi cha nusu ekari na kuvifuta viwimbi vya upepo hadi bwawa likawa kama kioo. Ukigawa kijiko hicho kwa nusu ekari unapata unene wa nanomita 2 hivi. Yaani milimita moja ingekatwa vipande milioni, utando ungekuwa na unene wa vipande viwili au vitatu. Aliyekuja kuupima utando wa namna hiyo kwa ustadi alikuwa Agnes Pockels, Mjerumani ambaye hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu, akayaanza majaribio yake jikoni kwao kwa chombo cha bati na maji. Barua yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Napenda kumkumbuka kwa sababu jikoni ndiko utando mwingi wa matangi yetu unakotoka.

Watu hudhani utando huua samaki kwa kufunika maji kama sufuria inavyofunikwa. Sivyo hasa. Utando mwembamba wa molekuli chache bado hupitisha gesi. Madhara yake makubwa ni yale aliyoyaona Franklin: hufuta viwimbi. Uso wa maji safi ukisukumwa hukunjamana na kunyooka upesi, na kila ukikunjamana maji mapya ya chini hupata zamu ya kugusa hewa. Uso wenye utando ni kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Mkondo unapopita chini yake hauwezi kuukunja wala kuupasua, unateleza tu na kurudi ulikotoka bila kugusa hewa. Maji yaliyo juu kabisa yamekwisha kushiba oksijeni na hayatoki, na yaliyo chini yana njaa na hayafiki. Hali hii ndiyo mzee aliyoiita kulala. Wavuvi wa lampu wanaijua kwa macho: usiku wenye upepo mwepesi utaona juu ya ziwa mabaka laini yasiyo na viwimbi, yamezungukwa na maji yanayokwaruzwa na upepo, na mengi ya mabaka hayo ni utando wa namna hii.

Baada ya hapo bakteria hufika. Kwao utando ni meza iliyoandaliwa, wanaota juu yake, wanatoa ute wao, na ndani ya siku chache kile kilichokuwa cha molekuli moja kinakuwa blanketi jeupe linaloonekana kwa macho, ambalo sasa lenyewe linatumia oksijeni kabla haijafika kwa samaki. Kuna njia rahisi ya kujua umefikia hatua gani. Zima pampu kwa dakika tano, kisha chokoa utando kwa ncha ya kijiti safi cha meno. Ukifunguka na kujifunga tena papo hapo, huo ni mafuta zaidi. Ukivunjika vipande vyenye kingo kama vya barafu nyembamba, na vipande vikabaki vimeachana, huo umekwisha kuwa makazi ya bakteria, na dawa yake haitakuwa kufuta mara moja tu.

Katika nyumba za Kigoma chanzo hakitafutwi mbali. Cha kwanza ni chakula. Wengi wetu tunawalisha samaki dagaa wakavu waliotwangwa, ambao ni chakula kizuri chenye protini nyingi, lakini pia wana mafuta, na unga wao laini huelea na kuyayuka kabla haujaliwa. Niliwahi kutwanga dagaa wa bakuli moja, nikawachekecha kwa chekecheo la unga wa chapati, na ule unga laini uliopita nikautia pinchi moja katika glasi ya maji safi. Kabla sijahesabu hadi kumi, uso wa glasi ulikuwa umeng'aa kama tone la dizeli barabarani baada ya mvua. Tangu siku hiyo unga huo hupelekwa kwa kuku, na samaki hupewa vipande vilivyobaki juu ya chekecheo. Cha pili ni mawese. Tangi langu liko ukumbini, hatua nne kutoka mlango wa jiko, na migebuka inapokaangwa kwa mawese, moshi wake hubeba matone madogo mno ya mafuta ambayo hutua kila mahali, juu ya kabati, juu ya luninga, na juu ya maji yaliyo wazi. Cha tatu ni mikono: mtu ametoka kula, amenawa kwa haraka bila sabuni, anazamisha mkono kurekebisha jiwe. Kuna pia samaki aliyekufa nyuma ya jiwe bila kuonekana, ambaye mara nyingi utando hutangulia kumtangaza kabla ya harufu.

Kuuondoa ni kazi ya dakika chache. Zima pampu zote, subiri robo saa utando ujikusanye, kisha laza karatasi nyeupe isiyo na wino wala harufu juu ya maji, iache ilowe upande mmoja, iburute polepole kuelekea kwako na uinyanyue. Mafuta yatakuwa yamegandamana nayo. Karatasi tatu au nne zinatosha tangi la lita 200. Mimi napendelea kikombe. Kikombe kinazamishwa wima hadi ukingo wake uwe nywele moja tu chini ya usawa wa maji, na hapo maji ya juu kabisa huanza kumiminika ndani yakiburuta utando kutoka pande zote. Ukitazama kwa ubavu utaona rangi zile zikikimbilia kikombe kama watu waliosikia muziki wa harusi. Kikijaa unamwaga, unarudia. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika katika matangi makubwa, ambapo fundi huunganisha pembeni chumba kidogo cha kioo chenye ukingo uliokatwa meno kama kitana, maji ya juu yakadondokea humo kuelekea kwenye kichujio mchana na usiku. Mafundi wa hapa wanaweza kukijenga ukiwachorea, ila ukumbuke kwamba maji yakipungua kwa mvuke chini ya meno hayo pampu itavuta hewa na kupiga kelele, na kwamba vifaranga vya samaki hupita kwenye meno ambayo wewe uliyaona ni membamba.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka mitaani ambao naupinga bila kusita, nao ni kutia tone la sabuni ya vyombo. Ni kweli sabuni huusambaratisha utando, na ni kweli kwamba maji huonekana safi kwa muda. Lakini sabuni hufanya kazi hiyohiyo kwenye ute unaolinda matamvua ya samaki, na samaki aliyeharibikiwa matamvua hawezi kutumia oksijeni hata ungempa ya kutosha. Mwenye kutaka ushahidi wa nguvu ya kitu chembamba juu ya maji awaulize wazee waliowaona mabwana afya wakimwaga mafuta ya taa kwenye madimbwi kupambana na mbu: kiluwiluwi cha mbu hupanda juu ya maji kuvuta hewa, na utando ukishaziba njia yake ya kupumulia anakufa. Tukiwa hapohapo, tangi ambalo uso wake unachezacheza halivutii mbu kutaga, na katika mkoa wenye malaria hilo si jambo dogo.

Kuondoa utando bila kurekebisha mkondo ni sawa na kudeki huku bomba linavuja, kwa hiyo turudi kwenye pampu. Yangu ilikuwa imeandikwa lita 1,000 kwa saa, na nikaamini kwamba maji ya tangi yalikuwa yanazunguka mara 5 kila saa, kiwango ambacho wafugaji wengi hukiona kinatosha kwa samaki wa kawaida. Namba hiyo hupimwa pampu ikiwa mpya, haina sponji, haina mpira, haipandishi maji popote. Kujua ukweli unahitaji ndoo na saa. Shika mdomo wa mpira wa kutolea maji katika kimo kilekile unachokaa siku zote, uelekeze kwenye chombo cha lita 5 kilichoshikwa kimo hicho, uhesabu sekunde hadi kijae. Changu kilijaa kwa sekunde 40. Saa moja ina sekunde 3,600, ukigawa kwa 40 unapata vyombo 90, na vyombo 90 vya lita 5 ni lita 450. Pampu ya lita 1,000 ilikuwa inanipa chini ya nusu, maji yakizunguka mara 2 na robo tu. Mkosaji alikuwa sponji niliyokuwa sijaiosha kwa wiki sita, pamoja na magamba ya chokaa kwenye rota, yaani kipande kinachozunguka ndani ya pampu, maana maji ya ziwa hili yana madini mengi na huacha ukoko mweupe popote yanapokaukia. Rota ililowekwa usiku mmoja katika siki ikatoka inang'aa, ikasuuzwa mara tatu. Sponji haioshwi kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu ndani ya sponji ndimo wanamoishi bakteria wanaosafisha maji. Inakamuliwa kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Hao bakteria wanastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo maji ya Ziwa Tanganyika yanapotofautiana na ya mahali pengine. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, na kazi hiyo hula oksijeni nyingi: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia hudai takriban miligramu 4.6 za oksijeni. Kichujio kinachofikiwa na maji yaliyochoka hakifanyi kazi. Na amonia yenyewe ina sura mbili, moja kali na nyingine pole, ambazo uwiano wake hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Katika maji ya ziwa letu, ambayo pH yake ni karibu 9, sehemu hiyo kali huwa zaidi ya theluthi moja. Maana yake ni kwamba kiasi kilekile cha uchafu ambacho mfugaji wa mahali penye maji ya pH 7 asingekitambua, hapa kinaweza kuua. Ninapoona mtu amechota maji ya ziwa, akanunua tangi zuri na kuweka kichujio kidogo cha kubandika kwenye kioo, naona hatari ambayo yeye haioni.

Nguvu peke yake haitoshi, inabidi ielekezwe. Kosa langu kabla ya mzee kuja lilikuwa kuelekeza mdomo wa pampu chini, nikitaka usafishe mchanga. Mkondo ukawa unakimbia sakafuni, unagonga kioo cha mbali, unapanda kidogo na kurudi katikati, huku sentimita 5 za juu zikiwa hazimo kwenye safari. Nimeugeuza: mdomo uko upande mmoja mfupi wa tangi, sentimita 2 chini ya uso, umeinuliwa kidogo kuelekea juu, ili maji yasukume uso mzima hadi kioo cha mbali, yazame huko, na yarudi kwa sakafuni hadi kwenye mdomo wa kufyonzea ambao nimeuweka upande uleule, chini. Wapo wanaoweka mdomo wa kutolea upande mmoja na wa kufyonzea upande wa pili, na si vibaya katika tangi fupi, lakini katika tangi refu maji hukatiza njia ya mkato na kuacha duara la chini bila kukamilika. Mawe nayo yasiegemezwe kioo cha nyuma. Yakiachiwa nafasi ya upana wa vidole vitatu, mkondo hupita nyuma yake na taka hazilundikani pale mkono usipofika.

Viputo vya pampu ya hewa vinasaidia, ila kwa namna tofauti na inavyodhaniwa. Kiputo hupanda sentimita 50 kwa muda wa sekunde mbili hivi, na muda huo ni mfupi kuachia oksijeni ya maana. Kazi yake kubwa ni kuvuta maji ya chini pamoja nacho na kupasua uso kinapofika juu. Jiwe la hewa lililowekwa nusu ya kimo kwa ajili ya urembo linapoteza nusu ya faida hiyo. Wenye mimea mingi tangini wana sababu ya kutochezesha uso kupita kiasi, kwa kuwa hewa ukaa wanayoihitaji mimea hutoroka kwa njia hiyohiyo. Wafugaji wa samaki wa mawe wa ziwani hawana sababu hiyo.

Samaki wenyewe hawalingani mahitaji. Katika ziwa hili kuna zaidi ya spishi 200 za jamii ya sikilidi, na zile ndogo za jenasi ya Eretmodus huishi mahali ambapo mawimbi hupasukia mawe, kina cha meta moja hivi. Kibofu chao cha kuelea kimepungua, kwa hiyo hawaogelei kwa madaha, wanarukaruka juu ya mawe kama vyura wadogo, na wamezoea maji yaliyoshiba hewa. Hawa ndio huwa wa kwanza kuonyesha shida. Tropheus, walao mwani wa mawe, wanataka mkondo wa nguvu pia, na wafugaji wao wengi huzungusha maji mara 8 hadi 10 kwa saa. Wale wadogo wanaotaga ndani ya makombe ya konokono juu ya mchanga, kama Neolamprologus multifasciatus, wakipewa mkondo huo watashinda siku nzima wakirudisha mchanga unaowafunika. Samaki akijificha nyuma ya jiwe muda wote, mapezi yakiwa yamebana mwili, mkondo umezidi. Wakijipanga juu, midomo ikigusa uso wa maji, hasa alfajiri, oksijeni imepungua, na hapo hakuna haja ya kipimo.

Umeme ukikatika, mpangilio huu wote husimama kwa pamoja, na utando huanza kujikusanya mara moja kwa sababu hakuna wa kuuvunja. Chakula kisitolewe. Mfuniko ufunguliwe, na kila robo saa mtu achote maji kwa jagi, ayamimine kutoka kimo cha mkono mara kumi au kumi na tano, akihakikisha yanapasua uso mahali tofauti. Mpira wa pampu ya hewa uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, la sivyo maji hushuka kupitia mpira hadi kwenye pampu na kisha sakafuni. Kichujio kilichofungwa nje ya tangi kikikaa saa kadhaa bila mkondo, bakteria walio ndani humaliza oksijeni yao na maji yaliyomo huoza; umeme ukirudi maji hayo yamwagwe kwanza, yasirudishwe kwa samaki.

Mzee alirudi wiki iliyofuata na pampu ya baiskeli. Nilikuwa nimechekecha dagaa, nimegeuza mdomo wa maji na kuosha sponji, na nikamwonyesha kipimo ninachokitumia hadi leo: chembe moja ya jani kavu, imedondoshwa karibu na mdomo wa pampu, inahesabiwa sekunde hadi iguse kioo cha mbali. Siku ile ilifika kwa sekunde 9. Ikifika 15 naifungua sponji, na ikisimama katikati ya njia ikazungukazunguka hapohapo, nachukua kikombe.